Aliyenifundisha Kurudi Nyuma Kwenye Barafu

Jina lake sitalitaja. Si kwamba amenikataza. Hajui hata kama naandika. Ila hapa Stockholm sisi watu wa Kiswahili tunafahamiana kuliko inavyofaa, na nikilitaja tu, watamtafuta wamuulize habari hizi, naye ameshaulizwa maswali ya kutosha, mengine kwa sababu yangu. Nitamwita mkufunzi, maana ndiyo kazi aliyokuwa nayo nilipomjua. Kwa Kiswidi cheo chake kilikuwa handledare, yule dereva mzoefu anayekaa kwenye kabini na dereva mpya wiki kadhaa kabla mpya hajaachiwa lori peke yake. Mimi alinikalia majira ya baridi karibu yote. Nilikuwa mgumu kufundishika.

Na niseme jambo moja mapema, ili msomaji asije akaniona mwema katikati ya hadithi halafu akajuta. Mtu huyu aliondolewa kwenye usukani kwa uongo wangu. Ulikuwa uongo mfupi, hata pumzi haukumaliza. Nitaueleza, sina pa kukimbilia. Lakini kwanza nataka aonekane yeye mwenyewe, kwa sababu miaka yote hii nimekuwa nikimkumbuka kama kosa langu, nikasahau kwamba alikuwa mtu.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, mwenye kofia ya sufu ya rangi ya machungwa aliyofumiwa na mkewe. Kofia ilikuwa mbaya, tuseme ukweli. Madereva wengine walimtania kwamba anaonekana kutoka mwezini. Alijibu kwamba mwezini hapeleki mzigo. Anataka aonekane na yule anayeendesha folklifti uwanjani saa moja asubuhi, giza halijatoka, theluji inaanguka, na yeye yuko nyuma ya trela anakagua chini. Baada ya hapo nami nilinunua kofia ya machungwa. Sikuwahi kumwambia kwamba nilimwiga.

Alitoka Burundi, akazungumza Kiswahili cha Bujumbura, cha weye na miye, na mimi kama Mtanzania nilijiona ndiye mwenye lugha. Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo mzee." Akaniangalia kama niliyemkabidhi barua ya serikali.

"Nyie Watanzania na hizo shikamoo zenu. Sasa miye nijibu nini?"

"Unajibu marahaba, mzee."

"Haya, marahaba. Panda. Barafu haitungoji tumalize salamu."

Lakini kumbe aliipenda. Asubuhi nikisahau kumwamkia, alikaa tu na ufunguo mkononi bila kuwasha lori, anakohoa kikohozi cha uongo, mpaka nikumbuke.

Ilikuwa hivi kila tulipofika kwa mteja. Hakuingia uwanjani moja kwa moja hata siku moja. Alisimamisha lori nje, akavuta hendibreki, akashuka na kutembea njia yote ambayo magurudumu yangepita, akigonga kisigino chini kila baada ya hatua chache, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Theluji mpya inaposhukia barafu ya zamani, macho hayaoni kitu, juu kweupe na laini, chini kioo. Kwa hiyo hakuniuliza kamwe kama nimeona. Aliuliza, "Umekanyaga?"

Siku moja nilimjibu kwamba kutoka kwenye kabini nimeona vizuri tu, uwanja ni safi.

"Kutoka huko juu," akasema, "hata Ziwa Tanganyika utaliona lami. Shuka."

Nikashuka. Hatua ya nne nilikaa chini kwa makalio mbele ya wafanyakazi watatu wa ghala waliokuwa wanavuta sigara. Hakucheka. Alingoja niinuke, akaniuliza tena, kwa adabu zote, "Sasa umekanyaga?"

Nyuma ya kabini alikuwa amefunga sanduku la mchanga, ule wa Kiswidi wenye kokoto ndogo zenye ncha, pamoja na sepetu na ndoo iliyowahi kuwa ya rangi ya ukuta. Ile ndoo ilikuwa na sheria yake: anayeshika usukani ndiye anayeibeba. Hilo lilinisumbua sana. Mimi nimelelewa kwamba ukimwona mtu mzima amebeba kitu, unamkimbilia unampokea, hata kama ni mfuko wa vitunguu, hata kama humjui. Na sasa zamu yake ya kuendesha ikifika, nilitakiwa nikae kwenye kiti chenye joto, nitazame kupitia kioo mtu wa umri wa baba yangu anamwaga mchanga kwenye baridi. Kila mara nilishuka. "Lete mzee, nikupokee." Kila mara alinirudisha. "Ukinipokea ndoo, miguu yangu itajuaje pale chini pakoje? Rudi ndani." Nilirudi nikiwa nimeinama, nikiomba Mungu asipite Mtanzania mwenzangu akaniona.

Mambo mengine aliyonifundisha nayatumia mpaka leo na kuyafundisha kama yangu. Kwamba mchanga unamwagwa kabla ya kushusha mzigo, si baada ya hapo, kwa kuwa lori lililojaa hushika chini kwa uzito wake, na likishakuwa tupu linacheza tu pale pale. Kwamba usisimame kwenye alama za lori lililotangulia, kwa sababu matairi yake ya moto yameyeyusha vishimo, vishimo vimeganda, nawe utakaa humo kama yai kwenye trei. Kwamba chungu ya theluji iliyosukumwa pembeni na trekta inaweza kuwa na kitu ndani, baiskeli, nguzo, toroli la duka, kwa hiyo usiiguse hata kwa kioo cha pembeni.

Wateja aliwafahamu kwa barafu zao. Kulikuwa na mmoja upande wa Södertälje ambaye msimamizi wake, mtu mwenye nia njema kabisa, aliamua kutusaidia kwa kumwaga maji ya moto kwenye mteremko ili barafu iyeyuke kabla hatujafika. Iliyeyuka. Kisha ikaganda upya, sawasawa kama meza. Tulimkuta amesimama pembeni na ndoo yake inatoa mvuke, anatusubiri tumshukuru. Mkufunzi alimpa mkono, akamshukuru kweli, akatumia dakika arobaini kumwaga mchanga. Ndani ya kabini akaniambia, "Yule anatupenda. Tumuombee apate kazi nyingine."

Wengine walikuwa wa maneno. Mwenye duka alisema kumwaga mchanga uwanjani si kazi yake, ni ya mwenye jengo. Mwenye jengo kwa simu alisema ameshaipa kampuni kazi hiyo. Kampuni ikasema gari liko njiani. Katika Sweden gari la mchanga liko njiani kuanzia Novemba mpaka Machi. Mkufunzi hakugombana na yeyote kati yao. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema asante, akachukua ndoo. Nilimuuliza kwa nini hawalalamikii kwa maandishi, fomu zipo. Akasema ameandika, na fomu zake ziko njiani vilevile.

Msidhani alikuwa mtakatifu. Yeye aliyenikagua soli za viatu kila Jumatatu, nyumbani kwake alitoka kwenda kutupa takataka akiwa na ndala za kuogea miguuni, kwenye barafu, na alianguka mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyemjua. Alinihubiria kuhusu sukari huku akikoroga vijiko vinne kwenye chai yake. Alisema theluji ni adhabu, hajui Waswidi walimkosea nini Mungu, lakini mwaka ule mkewe alipomkatia tiketi ya Januari waende kwa ndugu zao Bujumbura, alitafuta kila sababu asiende. Nadhani alijua kwamba barafu ndiyo iliyomfanya awe mtu hapa. Kwenye kazi nyingine angekuwa mgeni wa kawaida mwenye Kiswidi cha kuvunjika. Kwenye jukwaa la kupakulia lenye barafu, Waswidi warefu walimwita yeye.

Aliimba besi kwenye kwaya ya kanisa lao, na kwenye kabini aliimba njia nzima, ila akianza kurudi nyuma kuelekea jukwaani alisema "Yesu" mara moja, kwa sauti ndogo, akafunga mdomo mpaka trela liguse mpira wa ukuta. Mimi ni Mwislamu. Mpaka leo nikirudi nyuma kwenye mteremko nasema bismillahi, halafu nafunga mdomo kama yeye.

Na alikuwa na huruma ya ajabu kwa mtu aliyekwama. Wiki yangu ya pili nilikwamisha lori kwenye uwanja wa mteja huko Tumba kwa kiburi tu, nilikataa kushuka. Tulikaa karibu saa tatu tukingoja gari la kutuvuta. Nilisubiri anitukane, nilikuwa tayari. Akafungua chupa yake ya chakula, maharage na ndizi, akagawa katikati kwa kijiko kimoja, nusu yake akala, kijiko akakifuta, akanipa.

"Kula. Miye mwaka wangu wa kwanza nilikwama mpaka mkuu akauliza kama nimehamia pale."

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa.

Alikuwa ameumia goti. Zile ndala. Alikuja kazini akichechemea, na alipoulizwa alisema ni gari ndilo lililopanda juu siku hizi. Siku hiyo mteja wetu wa tatu lilikuwa duka kubwa la vifaa vya bafu, kusini mwa mji, lenye jukwaa la kupakulia lililo chini, na mteremko mrefu wa kushukia wenye kona. Pale alikuwa hajaniachia usukani bado. Aliegesha juu, akavuta hendibreki, akafungua mlango, akauweka mguu kwenye ngazi, na nikaona uso wake ukibadilika kwa maumivu.

"Lete mzee, nikupokee," nikasema.

Kwa mara ya kwanza akaniachia ndoo. Alinishika mkono kabla sijaenda. "Mpaka chini kabisa. Mpaka ukutani. Usiniachie katikati."

Sanduku letu lilikuwa karibu tupu, tulikuwa tumemwaga kwa wateja wawili wa kwanza. Nilikwangua, nikapata ndoo moja isiyojaa. Nikaanza juu, nikashuka, nikamwaga vizuri, kwa kisigino na kila kitu, na katikati ya mteremko mchanga ukaisha. Sanduku la mchanga la mteja, la njano, lilikuwa pembeni mwa uwanja. Nilikwenda, mfuniko ulikuwa umeganda, niliuvuta mpaka glavu ikanivuka, haukusogea. Upepo ulikuwa unanikata masikio. Nikapanda kurudi kwenye lori.

Alishusha kioo. "Umefika chini?"

"Ndiyo mzee, tayari."

Mtu asiyelelewa kama sisi hatanielewa, na sidai anielewe. Kwetu mkubwa akikuuliza kama umefanya alichokutuma, jibu ni ndiyo. Unasema ndiyo, halafu unakimbia unakwenda kufanya. Mama alikuwa anauliza kama nimeteka maji, nilisema ndiyo mama huku nikinyakua ndoo, na mama alijua, na maji yalifika. Hapana ilikuwa neno la utovu wa adabu. Nimejitetea kwa hili miaka mingi, na nimejiambia kwamba nilikuwa nimerudi kuchukua nyundo ya kuvunjia ule mfuniko. Huenda. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika mpini wa mlango wa kabini upande wangu, upande wa joto, na nyundo haikuwa huko.

Kwa mkufunzi, kwenye kazi hii, ndiyo ilikuwa ndiyo. Alisema "Yesu" akaanza kushuka nyuma.

Trela lilikwenda vizuri mpaka katikati. Kisha nikaona, mimi niliyekuwa nimesimama nje, magurudumu yote yamesimama na lori linaendelea kushuka. Halikupiga kelele. Liliteleza taratibu, likageuka kidogo, likagonga kona ya jukwaa, mlango wa ghala ukakunjwa kama bati, na ndani nikasikia vyombo vya kauri vinaanguka na mwanamke anapiga yowe. Alikuwa amesimama karibu na mlango kutupokea. Aliruka nyuma, akaanguka, akavunjika kifundo cha mkono.

Watu wa ghala walitoka na mifuko ya mchanga na chumvi, wakamwaga kila mahali ili gari la wagonjwa lishuke. Katika dakika kumi mteremko wote ulikuwa na mchanga kuliko ulivyopata kuwa nao tangu ujengwe. Hapakuwa na namna ya kujua nani alimwaga wapi.

Mkuu wetu alifika mchana. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliorahisisha mambo. Alitukalisha kwenye chumba cha chakula cha lile duka, akatoa fomu, akamuuliza mkufunzi. Mkufunzi akasema, "Usukani nilishika miye." Basi. Hakusema mchanga alimwaga nani. Mkuu akanigeukia mimi, akaniuliza kama mteremko ulikuwa na mchanga mpaka chini.

Nilikuwa na mke aliyekuwa amewasili miezi miwili kabla, nilikuwa katika muda wa majaribio, nilikuwa na sababu zote ambazo waoga huwa nazo. Nikasema ndiyo, kwa Kiswidi, "Ja."

Mkufunzi aliniangalia. Wakati ule nilidhani ananiangalia kwa sababu anajua. Kisha akainamisha kichwa polepole, kama mgonjwa anayepewa majibu na daktari. Na kwenye fomu ikaandikwa kile ambacho hakikuwa na budi kuandikwa: mteremko ulikuwa umeandaliwa, dereva alichelewa kushika breki.

Walimpima macho. Walimpima mikono na miguu, anavyowahi kubonyeza taa ikiwaka. Kwa mtu wa miaka sitini na kitu alikuwa sawa tu, lakini "sawa kwa umri wako" si maneno ya kumrudishia mtu lori. Walimhamishia ndani, kwenye ghala letu la Södertälje, kazi ya kufunga mizigo kwa nailoni. Lori lake nilipewa mimi, pamoja na sanduku na ndoo. Baadaye, kwa kuwa nilikuwa sijawahi kupata ajali, nikafanywa handledare.

Nilipita mbele yake kila asubuhi. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Nje pakoje?" Namweleza nje pakoje. Anazunguka na nailoni yake kwenye mzigo, kofia ya machungwa kichwani ingawa ndani kulikuwa na joto. Hakuniuliza kitu kamwe. Na mimi nikafanya jambo ambalo naliona baya kuliko hata lile "ja": nikaamua kwamba anajua, na kwamba kunyamaza kwake ni kunisamehe. Nilijipa msamaha kwa niaba yake. Nilimwona ana busara, nikamsifia kwa watu. Nyumbani kwangu Rågsved nilimsimulia mke wangu habari za maharage na kijiko kimoja, na sikuwahi kufika kwenye mteremko.

Akastaafu. Sikwenda kwenye keki yake ya kuagwa, nilisema nina safari. Majira sita ya baridi yakapita.

Mwaka huu, Februari, nilikuwa nimeshusha mzigo Tumba na muda wa mapumziko ya lazima ulikuwa umefika. Niliingia kwenye jengo la maduka karibu na kituo cha treni kutafuta kahawa, nikamkuta amekaa peke yake kwenye meza ya mkahawa, mfuko wa viazi miguuni. Amekonda. Nilitaka kugeuka. Akakohoa kile kikohozi cha uongo.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Keti. Nje pakoje?"

Nikaleta kahawa mbili. Aliniuliza habari za watoto, za madereva aliowajua. Nikamuuliza kama bado anakaa kule kwenye nyumba yao ya zamani. Akasema hapana, wamehamia karibu na kituo, ni rahisi kwa treni, kwa kuwa gari aliuza.

"Uliuza kwa nini, mzee? Lilikuwa gari zuri."

"Siendeshi tena."

"Ulikatazwa na daktari?"

"Nani anikataze? Nilijikataza." Alisogeza kikombe. "Ule mguu. Tangu siku ile ya mteremko sikuuamini tena. Wewe ulimwaga mchanga mpaka chini, na bado nikateleza. Maana yake nini? Maana yake mguu ulichelewa na miye sikujua kama umechelewa. Kichwani nilikuwa nimeshakanyaga breki, tena mapema. Ningekula kiapo. Sasa mtu ambaye mguu wake unamdanganya, atamchukua nani kwenye gari?"

Akakoroga kahawa yake, akaendelea.

"Nililala nikiliwaza hilo mwaka mzima. Mke wangu alichoka. Na binti yangu naye akasikia, akaanza kuniangalia kila kitu. Nikisahau jina, ananiangalia. Nikichelewa kujibu, ananiangalia. Wajukuu wangu wawili, haniachii hata kuwavusha barabara kwenda shuleni. Anasema, pappa, ni kwa usalama tu. Namwelewa. Yule mama alivunjika mkono kwa ajili yangu."

Hakuwa ananisuta. Hilo ndilo nililolielewa pale, na aibu ilinipanda mpaka masikio yakawaka. Hakuwahi kujua. Miaka yote ile hakuwa ananisamehe; alikuwa anajihukumu. Alikuwa amenichukua mimi kuwa mtu mkweli na yeye kuwa mzee mbovu.

"Mzee," nikasema, "sikufika chini."

"Chini wapi?"

"Mchanga uliisha katikati. Sanduku la mteja lilikuwa limeganda. Nilirudi, ukaniuliza, nikasema tayari. Haikuwa tayari. Chini hapakuwa na mchanga hata punje. Na mkuu aliponiuliza nikamwambia upo."

Watu walipita na mifuko yao. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Kwa hiyo haikuwa mguu?"

"Haikuwa mguu, mzee. Niliona magurudumu yamesimama kabla ya kona. Breki ulishika mapema."

"Mapema?"

"Mapema kabisa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Alitoa simu yake mfukoni, akaiweka juu ya meza kati ya vikombe, akabonyeza jina la binti yake, akafungua sauti.

"Utamwambia weye. Useme kwa Kiswidi, asije akasema hakuelewa vizuri."

Simu ikaita mara tatu. Binti akapokea, akauliza kwa Kiswidi kama kuna kitu kimetokea, sauti ya mtu aliyezoea kuuliza hivyo. Mkufunzi alinionyesha simu kwa kidevu.

Nikasema jina langu. Nikasema mimi ndiye dereva niliyekuwa naye siku ya ajali. Niliyasema yote, na kwa Kiswidi hakuna pa kujificha. Hakuna "mzee" wa kuweka mbele, hakuna heshima ya kufunikia. Nilidanganya. Baba yako hakukosea kitu. Nilijua tangu siku ile. Nyuma ya sauti yake nilisikia mtoto anaimba na maji ya bomba yanatiririka, halafu maji yakafungwa.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

Akangoja. Kisha akaacha kuningoja mimi, akasema, "Pappa? Upo hapo?"

Mkufunzi akaivuta simu kwake. Aliinama juu yake, akazungumza Kiswahili, taratibu, neno moja moja.

"Kesho asubuhi watoto nawapeleka shuleni miye. Miye mwenyewe."

Halafu binti akajibu kwa Kiswidi, sauti imembadilika, kwamba sawa pappa, wawe tayari saa moja na nusu.

Alikata simu, akairudisha mfukoni, akainuka na mfuko wake wa viazi. Nami nikainuka. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kumpokea ule mfuko, kwa mazoea tu, akausogeza mbali nami.

"Nisamehe, mzee," nikasema.

"Leo usiniombe kitu," akasema, akaenda zake kuelekea mlangoni.